Mke wa Mukama na Utepe wa Msafiri

Neno malkia, ambalo Kiswahili kililipata kwa Kiarabu, huchukua maana mbili: mwanamke atawalaye kwa haki yake mwenyewe, na mke wa mfalme. Maisha ya huyu wa pili ni magumu kuyaonyesha katika jumba la makumbusho, kwa kuwa vitu vilivyohifadhiwa aghalabu ni vya mumewe.

Taabu hiyo huonekana wazi katika habari za ufalme wa Karagwe, ambao nchi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizotengwa mwaka 2012. Hazina ya Mukama Rumanyika, ambayo Stanley aliiona mwaka 1876, ilikuwa na sanamu za wanyama za shaba na silaha za chuma. Hiyo ni hazina ya mtawala. Wanawake wa jamaa yake wamefikia wasomaji wa ng'ambo kwa njia nyingine, nayo ni kitabu cha Speke cha mwaka 1863.

Speke, aliyefika Karagwe mwishoni mwa 1861, alimpima kwa utepe shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa hata asiweze kusimama. Mkono inchi 23, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7, na kadhalika. Jina lake hakuliandika. (Ziwa la jirani alilipa jina la ziwa la kwao, Windermere Ndogo, kwa majina hakuwa bahili.) Tangu hapo vipimo hivyo vimenakiliwa mara nyingi kama kioja, na mwenye kuvinakili huona kwamba amekwisha eleza maisha ya mke wa mfalme, ingawa aliyepimwa hakuwa mke wa Rumanyika.

Unguja mambo yalikwenda vingine. Kasri ya pwani ilipofanywa makumbusho mwaka 1994, Sayyida Salme alipewa mahali pake. Naye alikuwa ameandika kumbukumbu zake mwenyewe, zilizochapwa mwaka 1886. Ghorofani, wake wawili wa Sultani Khalifa bin Harub walionyeshwa kila mmoja kwa samani zake, zisizofanana hata kidogo. Mtazamaji aliweza kujua nani alipenda nini. Ni jambo dogo, lakini utepe hauwezi kulisema.

Samani za namna hiyo hazikuwako Karagwe, wala kitabu. Hata hivyo Speke mwenyewe, pasipo kukusudia, ameacha jambo lenye thamani kuliko vipimo vyake. Binti wa mwanamke yule, mwenye miaka 16, alikuwa ameketi akinywa maziwa, na baba yake amesimama na fimbo mkononi ili asiache. Hapo unene si kioja tena; ni kazi, tena kazi ya kulazimishwa, na maziwa yale yadhihirisha wingi wa ng'ombe wa baba. Ajaye kupanga maonyesho juu ya wanawake hao na aweke katikati chombo cha maziwa na fimbo kando yake, utepe ukae pembeni kama ushahidi juu ya Speke. Maelezo yaandikwe kwa Kinyambo kwanza, kisha Kiswahili. Na neno malkia lisitumike mpaka wazee wa Bweranyange wamekwisha kuulizwa mke wa Mukama aliitwaje.