Merikebu za Mfalme na Mchoraji Asiyejulikana

Katika jumba la Hampton Court, nchini Uingereza, imehifadhiwa picha kubwa ya rangi za mafuta inayoonyesha Mfalme Henry wa Nane akiondoka Dover. Safari hiyo ilikuwa ya mwaka 1520, mfalme alipovuka bahari kwenda kuonana na Francis wa Kwanza, Mfalme wa Ufaransa. Manowari zimesheheni watu, mizinga inatoa moshi, bendera zinapepea, na merikebu moja imetweka matanga ya dhahabu. Aitazamaye hushawishika kuamini kwamba mchoraji alisimama pale ufukweni akayaona yote.

Je, ni nani huyo mchoraji? Zamani picha hii ilinasibishwa na Hans Holbein, Mjerumani aliyesifika mno. Lakini Holbein alifika Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1526. Kuchelewa huko hakumzuii mtu kuchora tukio lililopita. Hata hivyo kunamwondolea ushahidi wa macho, nao wataalamu hawautambui mkono wake katika kazi hii. Baadaye likatajwa jina la Vincent Volpe, Mwitalia aliyemtumikia mfalme na kufariki mwaka 1536. Dai hilo nalo halikuthibitika. Leo picha huelezwa tu kuwa kazi ya wachoraji wa Uingereza wa karne ya 16.

Merikebu zenyewe zina utata wake. Ile ya matanga ya dhahabu imezoeleka kuitwa Henry Grace à Dieu, manowari kuu iliyoshushwa majini mwaka 1514. Wanahistoria wanalikataa jina hilo, kwa kuwa chombo kikubwa namna hiyo kilihitaji kina cha maji kuliko kilichokuwapo bandarini Dover. Basi yaelekea mchoraji hakukusudia kuandika kumbukumbu za bandari, bali kuutukuza ufalme.

Kwa maoni yetu, picha haipungui thamani kwa kukosa jina la Holbein. Ustadi wa kuzipanga merikebu, na fahari inayojaa kutoka ngome hadi upeo wa bahari, vingali pale pale. Kilichopungua ni uvivu wetu sisi watazamaji, tuliozoea kulisifu jina kabla ya kuitazama kazi.

Walimu wenzetu, jambo hili si geni kwetu. Tunapofundisha tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, twakabiliwa na swali lile lile. Yafaa tuwazoeze wanafunzi kupambanua kati ya “alitunga” na “inasemekana alitunga”. Neno hilo moja la nyongeza si woga wa mwalimu; ni uaminifu wake. Mwanafunzi aliyelielewa hatadanganywa kwa urahisi na kibandiko chini ya picha, wala na jina juu ya shairi.