Mlango Ubaki Wazi: Somo la Elsa kwa Mwenye Paka Mwoga

Paka mdogo anayeogopa kuvuka kizingiti haponi woga kwa kubebwa mzobemzobe hadi uani. Lakini ndivyo wengi wetu tunavyofanya katika mitaa ya Nakuru, kuanzia Section 58 hadi Lanet: tunamtoa, tunafunga mlango, tunangoja azoee. Anachozoea ni kujificha chini ya gari la jirani. Njia inayofaa ilishajaribiwa nchini kwa paka mkubwa zaidi, na habari zake zimetunzwa katika kaunti yetu wenyewe, Elsamere, ufuoni mwa Ziwa Naivasha upande wa kusini.

Elsamere, ambayo leo ni makumbusho, ilikuwa nyumba ya Joy Adamson, na jina lake linamkumbuka simba jike Elsa. Mnamo Februari 1956, George Adamson, mume wa Joy na afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike, akakuta ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Elsa, aliyekuwa mdogo wa wote, akabaki Isiolo na kulelewa na watu. Alipopita miaka miwili alikuwa na nguvu zote za simba, ila hakuwa na desturi ya kujitafutia chakula.

Jaribio la kwanza la kumrudisha porini lilifanyika 1958 katika eneo la Mara, nalo halikufaulu. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, mahali penyewe palikuwa pageni mno: baridi na mvua kuliko kaskazini alikozoea, na afya yake ikadhoofika. Pili, aliachwa peke yake kabla hajajua kujilisha, hivyo akina Adamson waliporudi walimkuta na njaa. Yaani alibadilishiwa hali ya hewa, chakula na wenzake, vyote kwa mpigo.

Jaribio la pili lilihamia Mto Ura, huko Meru, kwenye joto na vichaka vinavyofanana na alikokulia. Hapo George na Joy walipunguza mwendo. Walitembea naye nyakati za ubaridi na kumwacha apumzike jua likiwa kali. George aliwinda swala, naye Elsa akajifunza kazi iliyobaki. Kisha wakaanza kuondoka, mwanzo kwa muda mfupi, baadaye kwa muda mrefu zaidi. Waliporudi, mlio wa bunduki ulimjulisha kwamba wamefika, naye akaja kambini akitaka. Hawakupima mafanikio kwa umbali aliokwenda. Walimtazama tumbo: akija ameshiba, basi amewinda mwenyewe. Desemba 1959 akazaa watoto watatu na dume la porini, na baadaye akawaleta mwenyewe kambini.

Siri ya Mto Ura ni kwamba njia ya kurudi haikufungwa. Mnyama anayejua anaweza kurudi huthubutu kwenda. Aliyefungiwa nje hutumia akili yake yote kutafuta maficho. Kanuni hiyo inamfaa simba na inamfaa paka wa nyumbani.

Kwa paka, woga mwingi huanza mapema. Kati ya wiki ya pili na ya saba tangu kuzaliwa ndipo ubongo wake unapozoea watu, sauti na harufu kwa urahisi. Aliyekulia stoo wiki hizo asione mtu atahitaji subira zaidi, lakini bado anaweza kufundishika.

Basi anza kwa kumwachia mlango wazi, ukae kizingitini bila kumwita. Chagua saa mtaa ukiwa umetulia: asubuhi kabla bodaboda hazijaanza kunguruma, au jioni watoto wakishaingia ndani. Epuka siku ya mvua, maana kishindo chake juu ya mabati kinatosha kumrudisha chini ya kitanda. Fanya hivyo kabla hajala, uwe na omena mkononi. Mwekee moja ndani ya mlango, nyingine kizingitini, na ya tatu hatua moja nje, lakini siku nyingine. Akirudi mbio, mwache arudi. Usimzuie wala usimcheke. Mkifika uani, weka kitambaa anacholalia karibu na mlango ili akute harufu yake nje. Ukigonga sahani yake kwa mlio uleule kila unapomlisha, utakuwa na wito wa kumrudisha, kama akina Adamson walivyokuwa na bunduki yao.

Kipimo kiwe mwili wake. Mkia ulioinuka, masikio yaliyoelekea mbele na kula akiwa nje ni dalili ya utulivu. Akijikunyata tumbo chini, macho yamemtoka na hataki hata omena, umekwenda kasi. Rudi hatua moja.

Kisa cha Elsa kina upande mwingine pia. Alikufa Januari 1961 kwa babesia, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Wanawe, wakiwa hawajakomaa, wakaanza kula mbuzi wa wanakijiji, ikabidi wanaswe na kuhamishiwa Serengeti. Kumzoesha mnyama nje hakumwondolei magonjwa ya huko, wala hakuwaondolei majirani hasara.

Kwa hiyo kazi ya daktari wa mifugo itangulie. Paka achanjwe kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, apewe dawa ya minyoo na ya viroboto, na ahasiwe au afungwe uzazi mapema, kwa kuwa jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu. Waulize majirani kama wanatega sumu ya panya na kama mbwa wao hufunguliwa usiku. Anayeishi ghorofani kando ya barabara kuu, au kwenye ploti yenye mbwa wakali, amwache paka ndani na ampe dirisha lenye wavu. Paka hapungukiwi na kitu akikosa barabara. Mwenye ua salama naye afungue mlango, akae kando, na amwachie paka uamuzi wa lini atoke.