Sifa za Mcheza Ngoma

Mafundi wengi wamepata wa kuwasifu. Mjenzi wa majahazi amesifiwa, mhunzi amesifiwa, na mtunga mashairi amesifiwa mpaka sifa zimemwelemea. Lakini mcheza ngoma, ambaye chombo chake cha kazi ni mwili wake mwenyewe, na ambaye kazi yake haiachi hata chembe ya kushikwa mkononi baada ya vumbi kutua, aghalabu huhesabiwa kuwa mtu wa anasa aliyepata wasaa wa kujifurahisha, kana kwamba miguu ya binadamu huzaliwa ikijua mwendo wa ngoma kama ijuavyo kukimbia mvua. Dhana hii imekaa zaidi katika vichwa vya wenye elimu kuliko vya wasio nayo, wala haina msingi. Hapa Usukumani, kusini mwa Ziwa Viktoria, mtu haitwi mcheza ngoma mpaka awe amekaa chini ya mwalimu, akasahihishwa mbele ya hadhira, na akastahimili. Na wakati mwema wa kulishuhudia jambo hilo ni mwezi Juni, mavuno yakiwa yameingia ghalani na mikono imepata nafasi, katika sherehe ya Bulabo.

Mimi nakaa Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, mahali pa viwanja vilivyopimwa na nyumba za uliokuwa mfuko wa pensheni wa PPF, ambako yale mawe makubwa ya Mwanza yamesalia baina ya kuta za watu kwa kuwa hakuna aliyepata nguvu ya kuyahamisha. Kutoka kwetu hadi Kisesa, mashariki ya jiji kwenye barabara kuu iendayo Musoma, si safari ya kuandikia wosia: ni daladala mbili na subira kidogo. Karibu na hapo, kilimani, ndipo ilipo Bujora, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha parokia, na baadaye makumbusho ya Wasukuma, akajenga na kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba za wenyeji. Enzi hizo wahubiri wengi waliiona ngoma kuwa mlango wa upotofu, na Mkristo aliyeonekana uwanjani ilimpasa kutubu. Padri huyu aliona vingine. Alizikaribisha ngoma mpaka kwenye ua wa kanisa, akazipa makao katika sikukuu ya Ekaristi, ile ambayo maua hutandazwa njiani mbele ya maandamano, na kwa maua hayo sherehe ikapewa jina lake la Kisukuma, Bulabo. Wapo wasemao kwamba muradi wake ulikuwa kuwavuta watu waingie kanisani, na sina hoja ya kuwapinga. Nasema tu kwamba ngoma nazo zilijipatia uwanja kwake, na uwanja huo umedumu kuliko yeye.

Lakini ngoma zenyewe ni za kale kuliko parokia. Mapokeo yasimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waliishi waganga wawili, Ngika na Gumha, wote wawili wacheza ngoma mashuhuri, ambao kila mmoja alidai kwamba dawa zake zina nguvu kuliko za mwenzake. Na badala ya kushindana kwa mishale wakashindana kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo nchi nzima, ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji, ikagawanyika pande mbili zisizochukiana wala zisizopatana. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana naye amesikia habari za ngoma ya beni, za Marini na Arinoti, na jinsi mji mmoja ulivyoweza kukesha macho kwa sababu ya ushindani wa vikundi viwili. Tofauti iko katika hukumu, na hapo ndipo napenda kukaa kidogo.

Kwa kanuni ya asili vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake, hatua chache tu baina yao, na ngoma zote mbili hulia pamoja. Hapana jopo la majaji, hapana karatasi ya alama, hapana mtu wa kutangaza mshindi kwa kipaza sauti. Watazamaji wako huru; ambaye hakupendezwa na anachokiona hana haja ya kuzomea wala kuteta, hugeuka tu akaenda upande wa pili, na atakayebaki na duara nene jua linapotua ndiye mshindi. Nimeketi katika kumbi nyingi ambamo watu hupiga makofi kwa adabu huku nyoyo zao zikiwa zimekwisha kurudi nyumbani, na kwa hiyo nathubutu kusema kwamba hakuna sanaa niijuayo iliyojiwekea mtihani mkali kuliko huu. Manju anayeongoza wimbo huwa na macho mawili, moja kwa wachezaji wake na moja kwa migongo ya watu. Akiona migongo miwili mitatu inageuka, ni lazima apate tadbiri papo hapo: abadilishe wimbo, amtoe yule kijana aliyemficha nyuma, alete kichekesho, au afungue kapu atoe chatu. Ndiyo maana katika mashindano haya walitokea mpaka wachongaji wa sanamu za mti zenye viungo vya kuchezeshwa, ambazo kazi yake haikuwa ibada bali kuyateka macho ya hadhira. Zipo pia dawa za mvuto, ambazo wachezaji hupakwa kabla ya kuingia uwanjani. Sitasema zafanya nini; nimeona tu kwamba aliyepakwa hucheza kama mtu asiye na deni, na hilo peke yake ni faida.

Sasa, anayekuja Bujora kwa nia ya kujifunza, na hao huja, wenyeji na wageni, hudhani atafundishwa ngoma moja iitwayo ya Kisukuma. Asubuhi ya kwanza humwondolea dhana hiyo. Atakuta bugobogobo, ngoma ya wakulima, na majembe yake. Atakuta ngoma ya bayeye, chama cha watu wa nyoka. Atakuta ya banunguli, wawindaji wa nungunungu. Atakuta wigashe, ambayo huchezwa kwa kukaa kitako. Kila moja ilizaliwa na kazi yake au na mapumziko ya kazi yake, na kila moja inamdai mwanafunzi mwili tofauti. Banunguli walikuwa watu wa kujipenyeza ndani ya mashimo kumfuata mnyama aharibuye mazao, na ngoma yao ingali na maungo ya mtu ajuaye kujikunja mahali pembamba. Bayeye walijifunza tabia za nyoka na dawa za kuumwa kabla ya kujifunza nyimbo, kwa sababu ijapokuwa chatu hana sumu, hubana, na mwenye kumvaa shingoni pasipo kujua amshike wapi nyuma ya kichwa hatapata fursa ya kujifunza mara ya pili. Wigashe nayo humnyang'anya mchezaji miguu yote miwili. Vijana hukaa safu chini, shanga shingoni na vifuani, na kila walicho nacho cha kusema lazima wakiseme kwa shingo, mabega, mikono na kiuno. Aliyezoea kujificha nyuma ya kishindo cha miguu huonekana hapo jinsi alivyo.

Bugobogobo ndiyo iliyotoka nje ya nchi yake ikajulikana Tanzania nzima, na kwa haki. Pamba ilipoenea katika nchi hii, vikundi vya vijana vilikuwa vikialikwa kulima mashamba ya watu kwa nyimbo, ngoma ikipigwa pembeni na majembe yakishuka pamoja, na baadhi ya vyama vilivyokuwa vya wawindaji vikageuka vya wakulima vikichukua nyimbo zao pamoja nao. Nilimtazama mwalimu mmoja mzee akifundisha mrusho wa jembe. Hakuanza na jembe. Aliwataka wanafunzi wasimame miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegezwa, wapokee pigo la ngoma kubwa kwa kisigino kwanza, tena na tena, mpaka njuga za watu wote zikalia kwa sauti moja. Ndipo akawapa majembe, majembe kweli ya kulimia, yenye uzito wa chuma, akawaonyesha kwamba jembe halitupwi kwa mkono: bamba la chuma hupanda kwa nguvu ya goti linalonyooka, kifundo cha mkono huachia tu kwa wakati wake, jembe huzunguka lenyewe hewani kwa uzito wake, na mpini hurudi kiganjani juu ya pigo, si baada yake. "Usilitazame," akamwambia binti mmoja aliyekuwa akilifuata jembe lake kwa macho ya hofu. "Lina njia yake, mjukuu wangu. Mtazame mwenzako wa mbele." Binti akajibu, "Babu, likiniangukia je?" Mzee akasema, "Litaanguka. Sogeza mguu." Likaanguka, akasogeza mguu, na wote wakacheka, na kabla ya adhuhuri alikuwa akilidaka mara nyingi kuliko alivyokuwa akilikosa.

Katika mafundisho yale niliona jambo ambalo vitabu vya utamaduni hulitaja kwa mbali. Wapiga ngoma huharakisha kidogo kidogo, bila kutangaza, na mstari wa wachezaji lazima uharakishe pamoja nao bila mtu yeyote kuonekana kuwa na haraka. Uso hubaki mtulivu, mabega hubaki chini, na bidii yote hufichwa magotini. Mkulima mwema ndivyo alimavyo. Anayechoka haraka ni yule alimaye kwa mabega.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, aliwasuta wasomi wa wakati ule waliojua dansi za Ulaya na wasijue hata majina ya ngoma za babu zao, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Baadaye taifa likawa na kikundi chake cha ngoma, na kilipokwisha, mwaka 1981 kikazaliwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na tamasha lake la kila mwaka. Huko kijana wa Mtwara amejifunza ngoma ya Mwanza na wa Mwanza amejifunza ya Mtwara, na hilo ni jema lisilo na shaka. Lakini jukwaa lina gharama yake. Ngoma ya mchana kutwa ilikatwa ikawa ya dakika chache. Duara likafunguliwa likawa mstari unaotazama upande mmoja, walikoketi wageni wa heshima. Na mtazamaji, aliyekuwa hakimu kwa miguu yake, akafungwa kitini kwa tiketi yake. Mcheza ngoma wa jukwaani akikosea hupigiwa makofi vilevile. Ustadi hauwezi kukua sana kwa malezi ya namna hiyo, na yeyote aliyeona bugobogobo ya hotelini kisha akaiona ya Kisesa hatahitaji ushahidi wangu.

Huku kwetu Kiseke kuna kundi la watoto na vijana ambalo wazazi walimwomba mwalimu wa upande wa Bujora aje alifundishe jioni za Jumamosi. Watoto hawa wamezaliwa katika nyumba za saruji. Wanajua singeli na bongo fleva, na viuno vyao si vya kutafutiwa dawa, lakini wengi hawajapata kushika jembe isipokuwa la bustani ya shule. Mwalimu alipoliona hilo hakusema neno. Juma la pili alikuja na majembe, akaomba kiwanja kitupu cha jirani, akawaamuru walime. Juma la tatu vilevile. Wazazi wakaanza kunung'unika, maana walikuwa wamelipa ada ya ngoma na watoto walirudi nyumbani na malengelenge, na mama mmoja, mwenye ulimi usiokawia, akamwendea.

"Shikamoo, babu. Hivi tumewaleta kucheza au kuwa vibarua?"

"Marahaba, mama. Mmewaleta kucheza."

"Mbona wanalima?"

"Ngoma hii ina jembe ndani yake, mama. Nitawafundishaje kulirusha, nao hawajui linavyoshuka?"

Mama hakuridhika, na nadhani hajaridhika mpaka leo. Mimi naona mzee ana haki. Mtoto aliyeinama katika mstari wa wenzake, akasikia mgongo unavyolalamika na jinsi wimbo unavyoupunguzia malalamiko, anapata ndani ya mwili wake sababu ya kila mwendo wa bugobogobo: kwa nini goti hulegea, kwa nini pumzi hutoka pamoja na neno fulani la wimbo, kwa nini mstari haumwachi mtu nyuma. Asiyeyajua hayo ataweza kuiga umbo la ngoma, na kwa mbali atapendeza. Lakini pigo likiharakishwa atavurugika, kwa sababu hana pa kurejea.

Kiwanja kile sasa kina viazi vitamu, na mwenyewe amekwisha kuuliza vitavunwa na nani. Watoto wameahidiwa kuingia uwanjani Juni ijayo, na kwa kuwa mwalimu wao ni wa Bagika, nao watacheza upande wa Bagika. Ukoo wangu ni wa Bagalu tangu enzi za babu zangu, na jamaa zangu wamekwisha kunionya kwamba macho yao yatakuwa kwangu zaidi kuliko kwa ngoma, waone nitasimama duara gani. Nimewajibu kwamba nitaanza upande wa kwetu, kama adabu inavyotaka. Baada ya hapo manju wao na afanye kazi yake.