Bado Mmoja Tuondoke

Hapa Kaplong, zinapokutana barabara za Bomet, Kericho na Kisii, kuna uongo unaosemwa kutoka alfajiri hadi magharibi bila mtu kukasirika. Kondakta anapiga bodi la matatu kofi na kupaaza sauti: "Bado mmoja tuondoke!" Ndani mna abiria watatu na gunia la viazi. Mwandishi wa riwaya angetumia aya nzima kutueleza hali hiyo. Mwandishi wa katuni anahitaji kisanduku kimoja tu: maneno hayo matatu kwenye kiputo, na chini yake dirisha linaloonyesha viti vitupu. Mdomo unasema hili, picha inasema lile, na kicheko kinazaliwa katikati. Akiongeza pembeni "lakini gari lilikuwa tupu", ameshaharibu.

Ufundi huu wa kuandika katuni unaonekana vizuri zaidi kwa Wafaransa, Wabelgiji na majirani zetu wa Kongo, kwa sababu kwao kazi mara nyingi hugawanywa: mmoja anaandika, mwingine anachora. Sisi tumezoea mtu mmoja kufanya yote. Edward Gitau alimtunga na kumchora Juha Kalulu mwenyewe katika Taifa Leo, na Frank Odoi akafanya vivyo hivyo na Akokhan wake. Ndiyo maana tukipenda katuni tunamsifu mchoraji, wala hatuulizi ni nani aliyeamua kwamba mhusika anyamaze ukurasa mzima.

Msomaji hazioni karatasi za mwandishi huyo. Zina namba ya ukurasa, namba ya kisanduku, nani amesimama wapi, tunamtazama kwa mbali au kwa karibu, kisha maneno yake, nayo yawe machache yasije yakafunika mchoro. Kitabu cha kawaida cha Ubelgiji na Ufaransa kilikuwa na kurasa 48 kwa miaka mingi, kwa hiyo mtunzi anaandika huku akihesabu. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kulia kina wajibu wake: kiache jambo likining'inia ili mkono ufunue. Siri nayo haiwekwi ukurasa wa kulia, maana jicho lina wizi, litaichungulia kabla ya wakati. Inawekwa juu kushoto, baada ya kufunua. Ni hesabu kavu kabisa, na bila hiyo hata mchoraji hodari anapwaya.

Aliyeipigania heshima ya kazi hii ni René Goscinny, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1926 aliyekulia Buenos Aires. Alianza kwa kutaka kuchora. Huko New York alikutana na mchoraji Morris, na kuanzia 1955 akawa anamwandikia visa vya Lucky Luke. Mwaka 1956 alifukuzwa kazi kwa kudai, pamoja na wenzake, haki za waandishi na wachoraji. Oktoba 1959 likatoka jarida la Pilote, na ndani yake Asterix wake, aliyechorwa na Albert Uderzo. Goscinny alifariki Novemba 1977 akiwa na miaka 51, akiwa anafanyiwa kipimo cha moyo. Uderzo alikuwa hajamaliza kuchora kisa cha Asterix kwa Wabelgiji, na kuanzia hapo akaziweka kurasa zilizobaki chini ya anga la mvua. Sijui tanzia nyingine ambayo mchoraji amemwandikia mwandishi wake kwa ustadi kama ule.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959. Ni mchoraji, na pia mwanamuziki. Miaka ya tisini alikutana na Frank Giroud, Mfaransa aliyesomea historia kabla ya kuwa mtunzi wa hadithi za picha. Wakatoa Eva K., kisha Mandrill, mfululizo uliowachukua hadi 2007. Giroud, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa na kipaji adimu cha kumwandikia kila mchoraji kulingana na mkono wake. Kwa Le Décalogue, iliyotoka kati ya 2001 na 2003, alitunga vitabu kumi na kuwapa wachoraji kumi tofauti, huku hadithi ikirudi nyuma kizazi baada ya kizazi kufuata nyayo za kitabu kimoja cha ajabu. Fikiria kuishika kamba hiyo bila kukatika, nawe mwenyewe huchori hata mstari.

Lakini kazi ninayoirudia zaidi ni Madame Livingstone ya 2014, ambayo Baruti aliichora kwa hadithi ya Christophe Cassiau-Haurie. Huyu ni mkutubi kwa taaluma, na ndiye aliyeandika historia ya katuni za Kongo. Kisa kinatokea Ziwa Tanganyika mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Rubani Mbelgiji, Gaston Mercier, anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anapewa kiongozi wa njia, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kwamba ni mwana wa David Livingstone.

Tazama mtego aliojitegea mtunzi. Meli hiyo ni ya kweli: iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo yake grisi, na baadaye ikaibuliwa, ikapewa jina Liemba. Msomaji anayeijua historia anajua kwamba hakuna rubani atakayeizamisha. Cassiau-Haurie hakuubadilisha ukweli huo, alilihamisha swali. Tunaingia tukiuliza meli itazama lini, na kurasa chache baadaye tunauliza huyu mtu wa sketi ni nani hasa. Hata umri unakubali: Livingstone alizunguka pande hizo hadi kifo chake mwaka 1873, kwa hiyo mwana kama huyo angekuwa na miaka arobaini na ushei. Uongo huo, kama ni uongo, umepimwa.

Na jinsi alivyochagua! Vita vya ziwa lile vina vituko vya kujaza vitabu saba, vikiwemo vya kamanda Mwingereza Spicer-Simson, ambaye naye alikuwa akivaa sketi. Wachuma chai wa huku wanachukua majani mawili na kichipukizi, mengine wanayaacha yaulishe mti. Mtunzi amechuma hivyohivyo.

Vita hivyohivyo vilifika jirani yetu. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwa barabara ya leo. Tarehe 12 wakapigana na askari wa jeshi la Waingereza, King's African Rifles, mchana kutwa, kisha Waingereza wakarudi nyuma, na Wajerumani nao wakaondoka. Ningempa Cassiau-Haurie siku hiyo aifanyie kazi. Ukurasa wa kushoto, jeshi moja linateremka mlima. Wa kulia, jeshi jingine linateremka upande wa pili. Na kiputo kisiwepo hata kimoja.