Nani Anambeba Nani?

Watoto wetu wa kipaimara wanapenda vitabu vya katuni, na wazazi wengi huviona ni vya kupotezea muda. Sisi tunaona vinafaa kusomwa kwa makini, maana picha humfundisha mtoto kabla ya maneno. Tuchukue vitabu vitatu vya Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, vyenye visa vya Tintin, mwandishi wa habari kijana. Ndani yake mna ndege, treni na magari. Lakini tukitaka kujua mchoraji aliwaonaje wanadamu, tutazame mahali pasipo na injini, ambapo safari hutegemea miguu na mabega ya watu.

Cha kwanza ni Tintin au Congo, kilichotoka gazetini mwaka 1930 na 1931. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo. Humo tunamwona Tintin ameketi juu ya machela, Wakongo wamembeba. Hana homa wala hajavunjika mguu. Anabebwa kwa kuwa ni Mzungu. Gazeti hilo la Brussels lilikuwa la Kikatoliki, likiongozwa na padri, na mmisionari anachorwa humo kama shujaa anayemwokoa Tintin kutoka kwa mamba. Jasho la wabebaji halikumsumbua mtu.

Tusiwanyoshee wengine kidole. Wamisionari walioleta Injili kwetu nao walitegemea wapagazi. Biblia, dawa na vyombo vya kanisa vilipanda milima vichwani mwa watu. Tunawashukuru wamisionari kwa majina yao. Wapagazi tunawashukuru kwa majina yapi?

Cha pili ni Le Lotus bleu, kitabu cha mwaka 1936. Kabla ya kukichora, Hergé alifahamiana huko Brussels na mwanafunzi wa sanaa kutoka China, Zhang Chongren, aliyemfundisha kuitazama China kwa heshima. Mjini Shanghai, Tintin amepanda riksho inayovutwa na mtu. Mzungu mmoja anampiga mvutaji kwa fimbo, naye Tintin anaikamata fimbo na kuivunja. Hapo tunaona hatua njema. Mvutaji sasa ni mtu mwenye maumivu, na maumivu yake yana mtetezi. Hata hivyo, Tintin bado ndiye abiria.

Cha tatu ni Tintin au Tibet, cha mwaka 1960, na kwetu ndicho bora kuliko vyote. Ndege imeanguka milimani. Watu wote wanaamini Chang, rafiki Mchina wa Tintin, amekufa. Tintin anakataa kuamini. Ndege inamfikisha karibu, lakini theluji haina barabara, hivyo anakwenda kwa miguu pamoja na Kapteni Haddock na kiongozi wa njia, Tharkey. Hakuna anayembeba sasa. Anaanguka, anachoka, anasonga mbele.

Mahali fulani Haddock ananing'inia kwenye genge, na Tintin, aliyefungwa naye kamba moja, hana nguvu za kumvuta. Haddock anataka kuikata kamba ili afe peke yake. Tharkey, aliyekuwa amerudi nyuma, anatokea na kuwaokoa wote wawili. Kisha, Chang anapopatikana, ni mgonjwa asiyeweza kushuka mlima kwa nguvu zake, lazima abebwe. Katika Kongo mzima alibebwa kwa sababu ya cheo. Katika Tibet mdhaifu anabebwa kwa sababu ya upendo. Safari ya mchoraji kutoka picha ile hadi hii ilichukua karibu miaka 30.

Lakini tusikisifu kitabu kupita kiasi. Wapagazi wanaobeba mizigo wanaona nyayo za yeti na kukimbia, nasi tunaalikwa kuwacheka. Hatupewi nafasi ya kuwafahamu, wala kuuliza nani angewalisha watoto wao kama wangefia huko. Tharkey naye anarudi kwa aibu, akijilinganisha na ushujaa wa Mzungu. Hergé alijifunza kumshusha Tintin kwenye machela; kumtazama kila mbebaji kama ndugu hakukumaliza kujifunza.

Sisi je, tumemaliza? Yule Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Aliyekuwa na kipando alikitoa, na aliyelala chini akapanda. Huo ndio mwendo wa Ufalme wa Mungu. Siku ya kuzindua kanisa jipya, washarika, tunasoma orodha ndefu ya wageni wa heshima, nao wameketi kwenye viti vyenye vitambaa. Akina mama waliobeba maji ya zege vichwani tangu msingi hadi paa wako nyuma jikoni, wakipakua wali. Tukiwa na orodha mkononi, tuanze na majina yao.