Desa Zuri Hujulikana kwa Majibu Mabaya

Kila msimu wa maombi ya rezidensi za Marekani unapokaribia, makundi ya madaktari wetu wa WhatsApp na Telegram huanza kurushiana desa lilelile: kurasa chache, rangi za kila aina, na ahadi kwamba humo yamo yote yanayotoka sana kwenye Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani (USMLE). Chini yake hufuata shukrani na dua, na ushuhuda kwamba fulani alisoma hilo tu akapata 260. Hakuna anayeuliza huyo fulani alikuwa anajua nini kabla hajalifungua. First Aid yenyewe, ambayo madesa haya huichota bila haya, ni kitabu cha kukumbushia. Aliyeielewa fiziolojia ya figo akikutana na mstari mmoja kuhusu aldosteroni, sura nzima inaamka kichwani. Mwenye msingi dhaifu akisoma mstari huohuo, anapata mstari. Isitoshe, hizo 260 ni habari za zamani: tangu Januari 2022 Step 1 inatoa jibu moja kati ya mawili, umefaulu au umefeli, na mwaka huohuo kiwango cha kufaulu kilipandishwa kutoka 194 hadi 196. Ushauri wa waliokuwa wanatafuta alama za juu kabisa unaendelea kugawiwa kwa watu ambao shida yao ni kuvuka mstari.

Mnunuzi asiye na jicho huhesabu: maswali elfu ngapi, video za saa ngapi, toleo la mwaka gani. Mwenye jicho huenda moja kwa moja kwenye jibu baya. Tuchukue swali la kawaida kabisa. Msichana wa miaka 19 mwenye kisukari aina ya kwanza analetwa akitapika, anahema kwa kina na kwa kasi, sukari iko juu sana, potasiamu ni 5.8. Ni nini kinachoeleza potasiamu hiyo? Desa bovu litakwambia jibu ni C, potasiamu imetoka ndani ya seli huku akiba ya mwili ikiwa imepungua, kisha litaweka nyota tatu na neno KUMBUKA. Desa la fundi litaeleza kwanza kwa nini: insulini haipo kuirudisha potasiamu ndani, sukari inavuta maji kutoka kwenye seli na potasiamu inafuata, figo zinaimwaga kwenye mkojo, na aldosteroni iliyopanda kwa upungufu wa maji inazidisha umwagaji huo. Damu inaonyesha wingi wakati ghala ni tupu.

Lakini kazi ya fundi haiishii hapo. B inasema mwili una potasiamu iliyozidi kwa sababu figo hazitoi. Desa zuri halisemi tu kwamba B si sahihi. Linakuambia B ingekuwa sahihi kwa mgonjwa yupi, naye ni yule wa figo zilizochoka aliyekosa kusafishwa damu. D inasema chembe nyekundu zimepasuka, potasiamu ni ya uongo: hiyo ni sampuli iliyovutwa kwa tabu kupitia sindano ndogo, na mgonjwa mwenyewe hana neno. A, ndiyo tamu kuliko zote, inasema potasiamu inaingia ndani ya seli. Huyo ni msichana yuleyule, saa kadhaa baada ya dripu ya insulini kuanza, na hapo ndipo moyo wake unaweza kuchafuka mapigo kama hakuna aliyekumbuka kumrudishia potasiamu. Swali moja limekupa wagonjwa wanne. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, fungua maswali kumi bila kuchagua, ziba maelezo ya jibu sahihi, soma ya majibu mabaya peke yake. Kama unachokutana nacho ni "si sahihi, rejea A", achana nalo hata kama lina maswali elfu kumi.

Kwa vitabu vya msingi, kanuni ni kwamba fiziolojia iandikwe na mtu mmoja. Guyton alipatwa na polio akiwa bado mafunzoni, ndoto ya upasuaji ikaishia hapo, akageukia fiziolojia. Kitabu chake cha fiziolojia kikatoka mwaka 1956 na matoleo manane ya mwanzo aliyaandika peke yake. Ndiyo maana sura ya moyo inakumbuka ilichoahidi sura ya utando wa seli. Vitabu vya kamati havikumbuki. Katika patholojia, Husain Sattar wa Chicago aliandika Pathoma, kijitabu kisichofika nusu ya unene wa First Aid, na kwa kawaida ugonjwa ndani yake unaanza na kilichoharibika kabla ya orodha ya dalili. Mchoro wenye rangi zaidi ya nne haufai. Hilo halihitaji ushahidi. Zamani mwanafunzi alichora nefroni mwenyewe kwa penseli mpaka karatasi ikatoboka, na hakuna programu iliyoleta mbadala wa hilo.

Wengine wamechukua njia ya mkato. Yapo madesa ya maswali yaliyokaririwa na waliotoka chumba cha mtihani, nayo yanauzwa kimyakimya. Januari 2024 programu ya USMLE ilitangaza kubatilisha matokeo ya baadhi ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal, kwa sababu ya mwenendo wa alama usio wa kawaida, na wakapewa nafasi ya kufanya mtihani wa uhakiki. Bila shaka wapo walioumia bila kosa. Na hata tukiacha maadili kando, desa la namna hiyo linashindwa kipimo chetu: lina herufi ya jibu, halina mgonjwa.

Atasema mtu kwamba maswali yenyewe hujenga msingi, na kwamba utafiti unamuunga mkono. Ni kweli watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma. Ila washiriki wao walisoma maandishi kwanza, ndipo wakajipima. Kujipima kunahifadhi kilichoingia. Ndiyo maana kadi za Anki zilizotengenezwa na mwingine humchosha mwenye msingi dhaifu: anahifadhi kwa bidii kubwa uelewa ambao si wake. Picha za Sketchy zitakusaidia kwa bakteria na dawa zake, kwa sababu huko kuna majina mengi ya kubeba. Asidi na besi hazichoreki hivyo.

Pingamizi la muda lina uzito zaidi. Daktari wa intanshipu anayetoka zamu ya usiku hawezi kumaliza Guyton, wala haimlazimu. Figo, moyo, mapafu, homoni, asidi na besi: asome hizo kwa utulivu, aingie Pathoma, ndipo alipie benki ya maswali ya UWorld kwa miezi michache badala ya mwaka mzima ambao nusu yake angeitumia kukisia. First Aid ifunguliwe mwishoni, pamoja na karatasi ya masahihisho yake. Na kuhusu fedha, ada ya mtihani peke yake inavuka dola 1,000 kwa aliyesoma nje ya Marekani, hivyo kishawishi cha kuchukua nakala za wizi kinaeleweka. Tatizo la nakala nyingi za namna hiyo ni kwamba aliyezipiga picha alikuwa na haraka: amechukua swali, amechukua jibu sahihi na aya yake ya kwanza, kisha amekata sehemu ya chini, pale A, B na D zilipokuwa zinaelezwa.