Istilahi za Mtambo wa Maji: Neno Moja kwa Kazi Mbili

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, vilima vingi huwezesha maji kuteremka kutoka kwenye chanzo hadi vijijini bila pampu. Maji hayo huitwa maji ya mserereko. Istilahi hii ni ya kupigiwa mfano: imezaliwa na kitenzi cha Kiswahili, na aisikiaye huyaona maji yakiserereka. Kwa bahati mbaya, istilahi nyingine anazokabidhiwa mwendesha mtambo hazina uwazi huo.

Tuanze na neno kusafisha. Taarifa ikisema kwamba maji “yamesafishwa”, msomaji hawezi kujua ni lipi lililotendeka. Huenda yametiwa shabu ili chembechembe za udongo zishikamane. Huenda yametuamishwa ili tope lizame. Huenda yamechujwa kwa mchanga. Au huenda yametiwa klorini ili vimelea vife. Maji ya chemchemi ya mlimani yaweza kung’aa kama kioo na bado yakabeba vimelea vya kuhara. Macho huyaona kuwa safi, ilhali si salama. Kwa hiyo twapendekeza kwamba daftari la mtambo liandike kitenzi cha kila hatua: kugandisha, kutuamisha, kuchuja, kuua vimelea. Kadhalika, klorini inayobaki ndani ya maji baada ya kazi hiyo iitwe salio la klorini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wataka salio hilo lisipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapoteka. Kipimo hicho hakiwezi kubebwa na neno “safi”.

Wapo wanaopendelea kutibu, na wapo wanaolipinga kwa hoja kwamba maji hayaugui. Sisi hatulipingi, maana watu wamekwisha kulizoea. Lakini latumika kwa maji ya kunywa na kwa majitaka pia, na hapo ndipo penye hatari. Katika maji ya kunywa, mwendesha mtambo huua vijidudu. Katika mabwawa ya majitaka, huvilea, kwa kuwa bakteria ndio wanaokula uchafu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kutibu ni kutia klorini, akaimwaga kwenye bwawa la majitaka, atawaua watenda kazi wake mwenyewe. Basi isemwe wazi: kutibu maji ya kunywa, kutibu majitaka. Vivyo hivyo, tope la tangi la kutuamishia lisichanganywe na tope-kinyesi linalonyonywa kwenye karo, ambalo huwa na mayai ya minyoo na lahitaji glavu, viatu vya mpira na mahali pake pa kumwagwa.

Majina ya vyombo nayo yana lake. Zamani mamlaka zetu ziliitwa za “Majisafi na Majitaka”; siku hizi nyingi huitwa za “Majisafi na Usafi wa Mazingira”. Jina jipya lina upana, na vyoo vya shimo vimepata nafasi ndani yake. Hata hivyo, majitaka yamefichika, na raia aweza kudhani kwamba usafi wa mazingira ni kufagia barabara tu.

Mwisho, tuangalie jina la mtendaji mwenyewe. Fundi maji hutengeneza mabomba. Mwendesha mtambo hupima, hutia dawa na kuandika. Tangazo la kazi linalowachanganya humpeleka mwenye spana mahali panapohitaji mwenye kipimo.

Twawaomba wafasiri na walimu wasiamue maneno haya mezani peke yao. Wawaulize wanaofungua valvu kila alfajiri, na pale Kiswahili kinapopungukiwa, wasikilize Kinyambo na lugha nyingine za Kibantu kabla ya kukopa ng’ambo. Istilahi ya maji hupimwa kwa afya ya anayeyanywa.